Maji Yasiyobadilika Rangi: Molekuli Zinazowaka Zikikutana na Zebaki

Tunawaletea makala ya sayansi kama ilivyo ada yetu katika kila toleo. Mara hii tumechagua jambo linalotugusa sana sisi watu wa Shinyanga, Kahama na Geita. Jambo hilo ni zebaki, ambayo wachimbaji wetu huiita mekyuri, na njia mojawapo waliyoibuni wanasayansi ya kuitambua ndani ya maji kwa kutumia mwanga.

Makala haya yametokana na swali la darasani. Katika somo la fiqhi, kwenye mlango wa maji, kila mwanafunzi hufundishwa kwamba maji yakiingiwa na kitu hutazamwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Mwanafunzi mmoja, ambaye nyumbani kwao kuna kisima kisicho mbali na mwalo wa kuchenjulia dhahabu, akauliza: "Ustadhi, zebaki ikiingia kisimani itabadilisha ipi katika hizo tatu?" Jibu ni kwamba kwa kiasi kinachotosha kumdhuru mtu anayekunywa kila siku, haibadilishi hata moja. Masuala ya tohara tunawaachia masheikh wetu, wao ndio wenye elimu hiyo. Sisi hapa tutazungumzia afya ya mnywaji, na namna ya kuyafanya maji yaseme kitu ambacho macho, ulimi na pua haviwezi kukijua.

ZEBAKI INAFIKAJE MAJINI

Zebaki ni metali, lakini ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Ni nzito ajabu: chupa ya soda ya nusu lita ikijazwa zebaki ingekuwa na uzito unaokaribia kilo 7. Ina tabia ya kuikumbatia dhahabu. Mchimbaji akishatoa mawe kwenye duara, akayapitisha kwenye karasha na kuyasaga mpaka yakawa unga, huuosha ule unga kwa maji ili mchanga mwepesi uondoke na mzito ubaki. Katika ule mzito hutia zebaki na kuuchanganya, mara nyingi kwa mikono mitupu. Chembe za dhahabu zisizoonekana kwa jicho hunaswa, na kinachopatikana ni donge la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 na kuwa mvuke, na dhahabu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1064, hubaki chini.

Kwa kawaida gramu moja ya dhahabu huondoka na zebaki gramu moja na zaidi. Sehemu moja huenda hewani wakati wa kuchoma, na nyingine huenda na maji na tope la kuoshea. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu huiachia hewani, kama asilimia 38 ya yote duniani.

Hapa kwetu jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki uliosimamiwa na shirika la UNIDO katika nchi sita, Tanzania ikiwamo, madaktari wakiongozwa na Stephan Böse-O'Reilly wa Ujerumani walifika kijiji cha Rwamagasa, Geita. Waliwapima watu mkojo, damu na nywele, na kuwalinganisha na wakazi wa Katoro ambao hawakufanya kazi hiyo. Walioonekana kuathirika zaidi ni wale wanaochoma. Dalili zilizotazamwa ni pamoja na kutetemeka kwa mikono, mwendo usio thabiti, usahaulifu na ladha ya chuma mdomoni. Wanajiolojia kutoka Uingereza nao walipima maji, udongo na samaki. Samaki wa ghuba ya Nungwe katika Ziwa Victoria walikutwa na zebaki kidogo, lakini samaki waliovuliwa karibu kabisa na sehemu za kuoshea dhahabu walikuwa na zebaki zaidi. Kwa hiyo mtu asije akakataa sato wa ziwani kwa kusoma makala yetu! Tofauti ni ya mahali, na ndiyo maana kupima mahali hasa unapoishi kuna maana.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakiwamo wanaoshika na kuchoma zebaki. Hili tunaliandika kwa uchungu, kwa sababu watoto hao ni wa umri wa wanafunzi wetu.

Ikishafika kwenye matope ya mito na madimbwi, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina nyingine iitwayo methili-zebaki. Hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa mlaji. Huingia kwenye wadudu wa majini, kisha kwenye samaki wadogo, kisha kwa samaki wanaokula samaki wenzao, na kila hatua huongezeka. Dunia ililijua hili kwa msiba wa Minamata, Japani. Huko kiwanda kilimwaga taka zenye methili-zebaki baharini, na ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Wapo kina mama ambao wenyewe walionekana wazima lakini watoto wao walizaliwa wakiwa wameharibika ubongo, kwa kuwa sumu hii huvuka kondo la nyuma. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki ulipewa jina la mji huo. Tanzania iliutia saini mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020.

KIASI KIDOGO MNO

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha zebaki ya kawaida katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 6 kwa lita. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni moja. Tukiyaweka hayo katika vyombo tunavyovijua, gramu 5 za chumvi ni kijiko kimoja cha chai. Gramu 5 za zebaki, ikiwa zimeyeyuka na kuenea sawasawa, zingetosha kuyafikisha kwenye kikomo hicho maji lita 833,000. Gari la maji la lita 10,000 lingelazimika kuja zaidi ya mara 80 kuyaleta.

Maabara zinaweza kupima kiasi hicho. Sampuli huchukuliwa kwenye chupa maalumu, hutiwa asidi ili zebaki isigande kwenye kuta za chupa, hupelekwa kwenye mashine, na majibu hurudi baadaye. Mashine ni ghali, inahitaji umeme usiokatika na mtaalamu wa kuiendesha. Mtu wa Nyarugusu au Mwakitolyo mwenye ndoo yake mkononi hana mashine hiyo. Ndipo wakemia walipojiuliza: je, hatuwezi kutengeneza molekuli, yaani kile kipande kidogo kabisa cha kemikali, ambayo yenyewe ndiyo iwe mashine?

MWANGA UNAOZALIWA NA MWANGA

Kwanza tufahamu namna kitu kinavyoweza kung'aa bila moto. Wanafunzi wa bweni wanaweza kuliona hili kwa kanzu zao. Chukua ile tochi ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia, ingia chumba chenye giza, uimulike kanzu nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga. Kanzu itawaka rangi ya samawati. Sabuni nyingi za unga hutiwa kemikali zinazobaki kwenye nyuzi za nguo. Kemikali hizo hunyonya miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, na kuitoa tena ikiwa mwanga wa samawati tunaouona. Ndiyo maana nguo huonekana nyeupe kuliko nyeupe yenyewe. (Ile buluu ya kufulia waliyoitumia bibi zetu haifanyi hivi. Ile ni rangi tu.)

Ndani ya molekuli kuna elektroni. Mwale ukiipiga, elektroni hupanda daraja la juu, kama mtoto aliyerushwa ghafla juu ya kichanja cha mahindi. Haiwezi kukaa huko. Baada ya muda mfupi mno, sehemu chache tu za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja, hushuka, na katika kushuka hutoa mwanga. Kabla ya kushuka huwa imepoteza nguvu kidogo kwa kutikisika, kama ndoo inayomwagika njiani kutoka kisimani, basi mwanga unaotoka huwa na nguvu pungufu kuliko ulioingia. Kwa sababu hiyo uliingia urujuanimno usioonekana, ukatoka samawati unaoonekana.

Waliolitambua jambo hili mapema walilitambua kwa dawa ambayo kila nyumba hapa inaijua: kwinini. Mwaka 1845 John Herschel wa Uingereza alieleza samawati ya ajabu aliyoiona juu ya maji yenye kwinini. Mwaka 1852 George Stokes aliichambua nuru ya jua kwa kipande cha kioo, akaiweka chupa ya kwinini kwenye ule upande wa giza uliopita zambarau, mahali ambapo jicho halioni chochote, nayo chupa ikawaka. Akathibitisha kwamba mwanga mmoja hubadilishwa kuwa mwingine, na jambo hilo akalipa jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kulitamka fluresensi.

Kimulimuli naye hung'aa usiku, lakini yeye hutumia kemikali mbili zinazounguana ndani ya tumbo lake na hahitaji kumulikwa. Tusimchanganye na hawa.

TAA YENYE MDOMO

Sasa tuje kwenye kiini. Molekuli ya kutambua kemikali huundwa kwa sehemu mbili zilizounganishwa. Sehemu ya kwanza ni taa, yaani ile inayonyonya miale na kung'aa. Sehemu ya pili ni mdomo, umbo linaloweza kushika kitu kimoja na kukataa vingine. Mdomo ukiwa mtupu taa hukaa katika hali moja, na ukishika kitu taa hubadilika.

Njia ya kwanza ya kuziunganisha ni hii. Mdomo una elektroni za ziada. Taa inapomulikwa, elektroni moja ya mdomo huruka na kuingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi, na taa huzimika kabla haijang'aa. Mfikirie mtoto mtundu anayekaa karibu na swichi na kuizima kila mara inapowashwa. Mpe kipande cha muwa akishike kwa mikono yake miwili. Swichi atairudia wapi? Taa itabaki inawaka. Muwa huo ndio ioni ya metali, ambayo huzishika zile elektroni za ziada zisiruke tena. Prasanna de Silva, mkemia mzaliwa wa Sri Lanka aliyefanya kazi Belfast, ni miongoni mwa walioieneza sana njia hii, na kazi yake iliingia kwenye vifaa vya hospitali vya kupima chumvi za damu. Roger Tsien wa Marekani naye katika miaka ya 1980 alitengeneza molekuli za namna hii za kuonyesha kalsiamu ndani ya seli hai.

Njia ya pili ndiyo iliyotumika sana kwa zebaki, na sisi tunaipenda zaidi kwa sababu ina hadithi ndani ya lugha yetu. Ipo rangi iitwayo rodamini. Ni ya waridi iliyokolea na inang'aa kwa nguvu. Wakemia waligundua kwamba molekuli hiyo inaweza kufungwa, kipande chake kimoja kikakunjwa na kufanya pete, na ikifungwa hivyo inapoteza rangi na mng'ao vyote viwili. Maji yake huwa meupe kama maji ya mvua. Pete ikifunguka, rangi na mng'ao hurudi. Mwaka 1997 Anthony Czarnik na wenzake walionyesha kwamba shaba inaweza kuifungua pete ya namna hiyo. Mwaka 2005 Jinsung Tae na wenzake wa Seoul, Korea Kusini, walitengeneza rodamini iliyofungwa kwa kipande chenye salfa ndani yake, ambayo hufunguliwa na zebaki.

Kwa nini salfa? Zebaki na salfa hupendana mno. Katika miamba mara nyingi hukutwa zimeshikana, na jiwe lao jekundu huitwa zinjifuri. Zebaki ikipita karibu na ile molekuli huing'oa salfa na kuondoka nayo. Molekuli iliyobaki haiwezi kukaa katika hali ya kufungwa, inajipanga upya, na maji yaliyokuwa meupe yanageuka waridi. Ukiyamulika yanang'aa. Salfa ndiyo mababu zetu waliyoiita kiberiti, neno la Kiarabu, na zebaki nalo ni neno la Kiarabu. Katika maandiko yanayonasibishwa na Jabir ibn Hayyan, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, inafundishwa kwamba metali zote zimetokana na zebaki na kiberiti. Nadharia hiyo haikuthibitika, dhahabu haitengenezwi hivyo. Lakini kwamba vitu hivi viwili vina jambo lao, hilo walikuwa wameliona vyema.

Molekuli hii ya salfa hutumika mara moja tu, kama njiti ya kiberiti. Salfa ikishang'olewa hairudi. Hilo si ubaya kwa anayetaka kujua ndiyo au hapana.

Zipo njia nyingine ambazo tutazipitia haraka. Mwaka 2001 Ben Zhong Tang wa Hong Kong alieleza molekuli zinazofanya kinyume cha desturi: zikiwa peke yake majini hujizungusha zungusha na kupoteza nguvu bila kung'aa, lakini zikibanana hushindwa kujizungusha na kuanza kuwaka. Kuna nyingine hubadili rangi ya mng'ao kwa joto, kwa kusuguliwa, au kwa asidi. Na kuna zinazotambua floraidi. Hili si geni kwa Shinyanga, ambako visima kadhaa vina floraidi iliyozidi na meno ya watoto huota madoa ya kahawia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Wenye kuvutiwa na hilo watuandikie, toleo lijalo tutaliandika peke yake inshaallah.

KWA NINI IWAKE, ISIZIMIKE

Huenda msomaji akauliza: mbona kuwepo na taa inayozimika ikikutana na sumu kusitoshe? Inawezekana kuzitengeneza, na ni rahisi zaidi, kwa sababu metali nzito kama zebaki kwa maumbile yake huzima mng'ao wa rangi nyingi. Lakini giza lina sababu nyingi. Maji ya tope huzuia mwanga. Betri ya tochi ikiisha ni giza. Rangi iliyoachwa juani hupauka kama kanga ya zamani, nayo ni giza pia. Ukiona giza utajuaje ni zebaki? Taa inayowaka palipokuwa na giza ni ushahidi mzito zaidi. Ndiyo maana Elizabeth Nolan na Stephen Lippard wa chuo cha MIT, Marekani, walipotangaza mwaka 2003 kihisi chao cha zebaki kinachofanya kazi ndani ya maji, walilitia neno "kuwasha" katika jina la kazi yenyewe.

Hata hivyo kuwaka nako si ushahidi usio na doa, na hapa tunawaomba wanafunzi wa sekondari wasome polepole. Pete ya rodamini hufunguliwa pia na asidi. Mawe mengi ya dhahabu ya ukanda wetu yana madini ya salfaidi, na yakipigwa na hewa na mvua hutoa maji yenye asidi. Mtu akichukua maji ya shimo la mgodi wa zamani akayapima bila kwanza kuyarekebisha asidi yake, anaweza kuona waridi pasipo na zebaki hata chembe. Metali nyingine, kama fedha na shaba, nazo zinaweza kuvidanganya baadhi ya vihisi. Mtengenezaji mwaminifu wa kihisi hukijaribu kwa metali zote hizo moja moja na zikiwa zimechanganyika, na huonyesha matokeo yote.

Upande wa pili kuna hatari ya kihisi kunyamaza na sumu ipo. Siku hizi marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki, huuzwa kwa wenye matangi ya sianidi ili dhahabu iliyobaki itolewe. Sianidi huiyeyusha na zebaki iliyomo, kisha huing'ang'ania kwa nguvu kubwa. Zebaki iliyokwisha kushikwa hivyo inaweza isiifikie salfa ya kihisi, na maji yakabaki meupe yakiwa na sumu mbili. Mkataba wa Minamata unalitaja zoezi hili, la kutia sianidi kwenye marudio yenye zebaki kabla ya kuitoa zebaki, kuwa moja ya mambo manne mabaya zaidi yanayopaswa kukomeshwa. Mengine matatu ni kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya ule mchanga mzito tu, kuchoma donge mahali pa wazi, na kuchoma katika makazi ya watu.

Tena vihisi tulivyovieleza hutambua zebaki iliyoyeyuka kwa namna ya ioni. Zebaki ya matone, ile inayoteleza chini ya beseni, si ioni. Mvuke si ioni. Methili-zebaki iliyo ndani ya nyama ya samaki haitoki mpaka samaki huyo asagwe na kuyeyushwa kwa kemikali kali. Na zebaki nyingi haikai katika maji, huzama na kujificha kwenye matope. Kwa hiyo kisima kikipimwa na karatasi isibadilike, tutakuwa tumejua kuhusu maji ya kisima siku hiyo. Hatutakuwa tumejua kuhusu tope la mtoni wanakocheza watoto, wala kambale aliyevuliwa dimbwini, wala moshi wa jirani.

MOSHI NDIO MKUBWA

Tumeona wazi katika uchunguzi wa Rwamagasa kwamba wachomaji ndio walioumia zaidi. Zebaki nyingi inayomdhuru mtu wa machimboni huingia kwa pua. Yapo majumba ambamo donge huchomwa jikoni, juu ya jiko lile lile la kupikia ugali, mama akiwa na mtoto mgongoni, kwa kuogopa kuibiwa dhahabu nje. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Ukipoa hugeuka matone madogo yasiyoonekana kwenye kuta, paa na nguo, na jua likiwaka bati hupata moto na matone hupanda tena hewani.

Mvuke nao unaweza kuonyeshwa kwa mng'ao, kwa namna ya kupendeza. Mvuke wa zebaki hunyonya aina moja ya urujuanimno kwa nguvu sana. Katika maabara huwekwa taa ya miale hiyo upande mmoja na ubao unaong'aa upande wa pili, na katikati huwekwa chombo chenye zebaki. Jicho halioni kitu juu ya chombo, lakini kwenye ubao huonekana kivuli kama cha moshi kikipanda. Taa hizo huumiza macho na ngozi, si za kuchezea. Vifaa vya kupimia hewa machimboni hutumia msingi huo huo.

Na jambo la kustaajabisha ni kwamba zile taa ndefu za tubu tulizozizoea misikitini na madarasani hufanya kazi hiyo kinyume. Ndani mna zebaki kidogo, miligramu chache. Umeme huichochea itoe urujuanimno ule ule, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huugeuza kuwa mwanga wa kusomea. Tubu ikivunjika, fungueni madirisha, watoto watoke, na vipande visiokotwe kwa mikono mitupu. Taa za LED zinazochukua nafasi yake hazina zebaki.

Anayechoma dhahabu ana njia ya kupunguza madhara bila kungoja molekuli ya mkemia yeyote, nayo ni retoti, chungu cha chuma kilichofunikwa chenye bomba la kupoozea. Mvuke hupita bombani, hupoa na kurudi kuwa zebaki ambayo hutumika tena, na kwa bei ya zebaki ilivyo hiyo ni fedha inayorudi mfukoni. Nayo itumike nje, mbali na jiko na mbali na watoto.

JARIBIO LA KLABU YA SAYANSI

Kwa wanafunzi wanaotaka kuona kwa macho yao mng'ao ukibadilishwa na kemikali, jaribio hili halina sumu. Nunueni soda chungu ya toniki yenye kwinini. Someni lebo, iwe imeandikwa kwinini. Jazeni bilauri mbili za kioo hadi nusu, ziwekwe mezani katika chumba chenye giza, mzimulike kwa tochi ya kukagulia noti bila kumulika macho ya mtu. Zote zitang'aa samawati. Katika bilauri ya kwanza tieni vijiko viwili vya chai vya chumvi ya mezani, mkoroge, mngoje povu litulie. Katika ya pili tieni vijiko viwili vya sukari, mkoroge vile vile. Mulikeni tena.

Ya chumvi itakuwa imefifia na ya sukari itakuwa inang'aa kama mwanzo. Ioni za kloridi zilizomo katika chumvi huigonga molekuli ya kwinini iliyopanda juu na kuishusha kabla haijatoa mwanga, na sukari haina ioni hizo. Hiki ni kihisi cha kuzimika, cha aina ile tuliyosema ni dhaifu. Mkimaliza, ongezeni maji safi katika bilauri ya chumvi mpaka ijae, na katika ya sukari kiasi hicho hicho, mzilinganishe tena, mwandike mlichokiona pamoja na sababu mnayoidhani. Majibu yaletwe kwa ustadhi wa sayansi kabla ya likizo, soda ya majaribio isinywewe, na tochi irudishwe kwa mwenye duka.